Mafuta Yasiyooza

Neno "mafuta" tumelibebesha mzigo mkubwa. Ya kukaangia maandazi ni mafuta, ya kujipaka baada ya kuoga ni mafuta, ya taa ni mafuta, ya pikipiki ni mafuta, na mtu akinenepa tunasema ameota mafuta. Kirundi nacho hakitusaidii sana: amavuta ni samli, ni siagi, ni mawese, ni ya kujipaka. Darasani tulifundishwa kwamba neno la namna hii halileti taabu, kwa sababu muktadha huondoa utata. Anayeomba mafuta jikoni hapewi mafuta ya taa. Nakubali. Lakini muktadha hausafiri pamoja na bidhaa. Mafuta yakishamiminwa katika bidoni la njano la lita 20 na kufungwa nyuma ya baiskeli, muktadha hubaki kule yalikotoka, na neno hufika sokoni peke yake.

Nilianza kulifikiria jambo hili kwa sababu ya kompyuta ya mjomba wangu.

Mjomba ni fundi wa vyombo vya umeme huko Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambao Kiswahili chake kimetulea wengi. Ukipita katika avenyu zake zenye namba utasikia nyundo, jenereta na adhana kwa pamoja. Kibanda chake kiko katikati ya fundi wa magari na fundi wa kuchomelea vyuma. Hutengeneza redio, televisheni na amplifaya, na pembeni ana kompyuta moja ya mezani inayomlisha siku ambazo hakuna redio iliyoharibika. Humo amehifadhi nyimbo, filamu na kaswida, na vijana huja na flashi zao kujaziwa.

Adui wa kompyuta hiyo ni vumbi. Kiangazi kikiingia, kuanzia Juni hadi Septemba, vumbi la barabara huchanganyika na unga wa chuma unaoruka kutoka kwa jirani anayekata na kusaga mabomba. Feni hulivuta lote ndani. Vumbi la udongo huziba njia ya hewa, lakini unga wa chuma ni mbaya zaidi kwa sababu hupitisha umeme mahali usipotakiwa kupita. Kila kiangazi kitu fulani huungua, na kila kinachoungua hununuliwa kwa pesa ambazo zilikuwa za karo ya watoto.

Jirani huyo wa kuchomelea ndiye aliyemletea mjomba wazo bila kujua. Mashine yake ni ya kutengenezwa hapahapa: nyaya nene za shaba zimezungushwa juu ya vipande vya chuma, kisha zote zimezamishwa ndani ya pipa la mafuta. Inachomelea mchana kutwa na haiungui. Mjomba akauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza. Ikiwa mafuta yanaweza kupoza mashine ya kuchomelea, kwa nini yasipoze kompyuta? Kompyuta iliyozama haihitaji feni ya kuvuta hewa, na pasipo feni hakuna vumbi.

"Mwalimu," akaniambia. Ananiita hivyo tangu nilipoingia chuo kikuu, ingawa bado sijamfundisha mtu kitu chochote. "Wewe unasoma Kifaransa na Kiingereza. Kasome, uje uniambie ni mafuta gani."

Nikasoma. Wazo lenyewe si la kichaa. Kompyuta ya Cray-2, iliyotoka Marekani mwaka 1985 na kuwa miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote duniani wakati ule, ilikaa ndani ya kimiminika kisichopitisha umeme, ikionekana kama samaki katika tangi la kioo. Baadaye wapenzi wa kompyuta huko Marekani na Ulaya wakazamisha mashine za kawaida katika mafuta ya madini, wengine hata katika mafuta ya kupikia. Sababu ni rahisi. Hewa ni mbebaji mbovu wa joto. Mafuta hupitisha joto takriban mara 5 kuliko hewa, na lita moja ya mafuta hubeba joto jingi mno kuliko lita moja ya hewa. Maji yangeshinda vyote viwili, lakini maji yetu ya bombani hupitisha umeme, na mjomba hakuhitaji msomi wa kumweleza hilo.

Kuna jambo moja ambalo wenye hamu huwa wanalisahau: mafuta hayamezi joto, huliazima tu. Nilipiga hesabu pamoja naye kwenye karatasi ya sigara. Kompyuta inayotumia wati 150 ndani ya lita 20 za mafuta ya madini ingeyapandisha joto nyuzi 16 hivi kwa kila saa, kama pipa lisingetoa joto lolote nje. Ukianza na nyuzi 27 za hapa kwetu, baada ya saa mbili uko kwenye nyuzi 60. Kwa hiyo pipa liwe la bati na si la plastiki, liwe pana, na lisikae juani. Diski ya kuzunguka haizamishwi, kwa sababu ina tundu dogo la kupumulia na mafuta yataingia. Nyaya nazo hunyonya mafuta na kuyapandisha hadi nje ya pipa, kama utambi wa kibatari unavyofanya, na plastiki ya nyaya hizo hukakamaa baada ya muda. Mambo hayo yote mjomba aliyapokea kwa utulivu. Ni ya ufundi, na ufundi ni wake.

Swali la mafuta gani ndilo lililotuchukua majuma.

Chaguo la kwanza la kila Mrundi ni mawese. Rumonge haiko mbali, michikichi imejaa kandokando ya Ziwa Tanganyika, na kila duka lina mawese. Hayapitishi umeme yakiwa safi na makavu. Tatizo ni kwamba mawese huganda. Karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayoshikana katika joto la kawaida, na kila mama wa Bujumbura anajua chupa ya mawese inavyofanana asubuhi za Julai: chini pameganda, juu ni maji mekundu. Mafuta yaliyoganda hayazunguki, na yasiyozunguka hayapozi. Mafuta ya pamba na ya alizeti hayagandi, ila yana ugonjwa mwingine. Yakipata joto, hewa na shaba kwa pamoja, na kompyuta ina shaba kila mahali, huvunda, hutoa asidi, kisha hunatanata kama vanishi. Nikiongeza harufu, mende na panya wa Buyenzi, mjomba akasema basi, tusonge mbele.

Hapa niseme kidogo kwa kuyatetea mafuta ya mimea, maana watu wa sayansi wakimsikia mwanafunzi wa lugha akiyadharau watacheka. Transfoma kubwa za umeme siku hizi nyingine hujazwa mafuta ya soya. Yametayarishwa maalumu, yamekaushwa, yamefungiwa hewa isiingie, na hayashiki moto wa kuendelea mpaka yapite nyuzi 300, ambapo mafuta ya madini yameshawaka zamani. Yakimwagika, vijidudu vya udongo huyala. Kwa hiyo si mmea ulio na kasoro. Kasoro ni pipa letu lisilo na kifuniko cha maana.

Mafuta ya taa na mazuti hatukuyajadili hata dakika moja. Mafuta ya taa yanaweza kuanza kutoa mvuke unaoshika moto kwenye nyuzi 38 tu, na sisi tumeshaona kwamba pipa letu lingefika 60. Katika mji uliolishuhudia soko lake kuu likiteketea tarehe 27 Januari 2013, hakuna mtu anayehitaji kukumbushwa moto ni nini.

Ndipo akaja muuzaji. Simjui jina na hata ningelijua nisingeliandika. Alikuwa na mabidoni 3 nyuma ya baiskeli, na jirani wa kuchomelea alikuwa mteja wake wa zamani. Akafungua kifuniko, akachovya kidole, akatuonyesha. Mafuta yalikuwa ya rangi ya chai isiyo na maziwa, mepesi, hayana harufu kali.

"Haya ni ya transfoma," akasema. "Ya zamani, ya wazungu. Hayaungui, hayaozi, hayapitishi umeme. Hata kidonda ukipaka kinakauka."

Bei yake ilikuwa chini hata ya mawese. Mjomba akanitazama. Kwa sifa alizozitaja muuzaji, tulikuwa tumefika: hayaungui, hayaozi, hayapitishi umeme. Ni sifa zilezile nilizokuwa nimeziandika kwenye daftari langu kwa juma zima.

Ninaomba msomaji asiipite haraka sehemu hii. Mafuta mengi ya transfoma ni mafuta ya madini tu, na hayana ubaya mkubwa kuliko oili ya gari. Lakini kuanzia mwaka 1929 viwanda vilitengeneza kemikali iitwayo kwa kifupi PCB, ambayo ilionekana kuwa jibu la matatizo yote ya mafundi wa umeme. Haikushika moto kwa urahisi, haikuharibika kwa joto, haikupitisha umeme. Ilitiwa hasa katika transfoma za mahali ambapo moto ungekuwa maafa, kama ndani ya majengo. Wafaransa na Wabelgiji waliijua kwa jina la kibiashara la Pyralène. Dunia ilitengeneza zaidi ya tani milioni 1 kabla ya kuamka. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1979. Kwa maneno mengine, PCB ilichaguliwa kwa jina la usalama. Aliyeichagua alikuwa anauogopa moto, na kwa upande wa moto alikuwa sahihi.

Upande wa mwili ndio haukuulizwa. PCB haiozi udongoni, haiozi majini, haiozi mwilini. Hukaa ndani ya mafuta ya mwili (neno letu tena), hupanda kutoka kwa samaki mdogo hadi mkubwa hadi kwa mlaji, na mama humpa mtoto kwa maziwa. Mwaka 1968, magharibi mwa Japani, kiwanda cha mafuta ya pumba za mchele kilitumia PCB ndani ya mabomba ya kupashia joto. Mabomba yakavuja, PCB ikaingia katika mafuta ya kula. Kwanza walikufa kuku, mamia ya maelfu, kwa sababu chakula chao kilichanganywa na mabaki ya mafuta hayo. Kisha watu wakaanza kutoka vipele vikubwa visivyopona, kucha zikawa nyeusi, na baadhi ya watoto walizaliwa na ngozi iliyopigwa weusi. Mwaka 1979 jambo hilohilo likatokea Taiwan. Wajapani waliuita ugonjwa huo Yusho, na maana yake ni "ugonjwa wa mafuta". Nilipoisoma tafsiri hiyo nilikaa kimya kwa muda. Hata wao neno lao halikutofautisha.

Na sisi? Nchini Kenya magazeti yameandika mara nyingi kuhusu transfoma zinazofunguliwa usiku na kunyonywa mafuta, ambayo huuzwa kwa wakaangaji wa chipsi kwa sababu hudumu kwenye karai kuliko mafuta ya kula. Mengine huishia kwa wachomeleaji, na mengine hupakwa kwenye vidonda. Yule muuzaji wa Buyenzi hakuwa akibuni kitu. Alikuwa akirudia yale yanayosemwa Afrika Mashariki nzima.

Mjomba si mtu wa kutishwa na habari za Japani. Akaniuliza swali zuri: "Huyu jirani ameyashika miaka yote, mbona hajafa?" Nikamjibu kwamba ugonjwa huu haufanyi haraka, na kwamba pengine mafuta ya jirani ni ya madini matupu. Akauliza tunawezaje kujua. PCB tupu ni nzito kuliko maji, kwa hiyo tulimimina kidogo katika glasi ya maji, na mafuta yakaelea. Muuzaji akapiga makofi. Lakini jaribio hilo hukamata PCB tupu peke yake. Mafuta ya madini yaliyochafuliwa, kwa mfano kwa pampu moja kutumika katika transfoma mbalimbali, nayo huelea. Mkataba wa Stockholm, ambao Burundi imo, huhesabu kwamba mafuta yamechafuka yakiwa na sehemu 50 tu za PCB katika sehemu milioni 1. Kiasi hicho hakionekani, hakinuki, na glasi ya maji haikijui. Mkataba huohuo ulizipa nchi hadi mwaka 2025 kuacha kutumia vifaa vyenye PCB na hadi 2028 kuyashughulikia mabaki yake kwa njia salama.

Hapo ndipo nilipokielewa kitu ambacho sikukikuta kimeandikwa waziwazi popote. Sifa tunazozitafuta katika mafuta ya kupozea ndizo sifa za sumu ya kudumu. Tunataka yasiungue, yasioze, yasibadilike. Na kitu kisichobadilika, kikimwagika, hakiondoki. Hata kile kimiminika cha Cray-2, safi kama maji ya chemchemi na ghali mno, kilitoka katika ukoo wa kemikali ambazo leo huitwa za milele, na kampuni ya 3M iliyokitengeneza ilitangaza Desemba 2022 kwamba itaacha kuzitengeneza zote. Mawese huoza. Nilianza kwa kuihesabu hiyo kuwa kasoro yake. Siku hizi naona ni adabu.

Na sisi tunaishi mahali ambapo kumwagika si jambo la kinadharia. Mfereji wa mbele ya kibanda cha mjomba humalizikia ziwani. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo. Kinachoingia humo hakina haraka ya kutoka. Maji ya kunywa ya Bujumbura yanatoka ziwani, na mukeke na ndagala vilevile.

Tulichochagua mwishowe ni mafuta ya parafini ya duka la dawa, yale meupe ambayo mtu mwenye choo kigumu huandikiwa na daktari. Ni mafuta ya madini yaliyosafishwa mpaka yakafaa kumezwa kwa kipimo. Yale mazito hayashiki moto mpaka yapite nyuzi 150, mbali na 60 zetu, ingawa moto ukiyapata yataungua kama mafuta mengine. Yakimwagika huoza, ingawa polepole. Ila hapa pia lugha ilitaka kutuua. Kenya wakisema parafini humaanisha mafuta ya taa! Ndugu mmoja wa mjomba aliyefanya kazi Nairobi alijitolea kutuletea "parafini ya bei nafuu", na ilibidi nimweleze mara mbili kwamba anachokifikiria yeye kingetuchoma.

Bei ilikuwa ya kuumiza, na chupa ni ndogo. Mjomba alinunua kidogokidogo, duka hili na lile, mpaka mfamasia mmoja akamuuliza kwa upole kama huko nyumbani wanaumwa watu wangapi. Miezi mitano baadaye kompyuta ilizama katika pipa la bati, ikiwa na diski isiyozunguka iliyotolewa katika laputopu iliyokufa. Imepita kiangazi kimoja bila kuungua. Vijana wanaokuja na flashi hukaa kuiangalia kuliko wanavyosikiliza nyimbo. Sina hakika kama ilistahili gharama yake; kitambaa cha kuchujia hewa kingefanya nusu ya kazi kwa bei ya soda. Mjomba hataki kusikia hoja hiyo.

Lakini nimeruka jambo moja. Siku ile ya glasi ya maji, mjomba alipomwambia muuzaji kwamba hatununui, yule bwana hakukasirika. Alifunga kifuniko chake akasema, "Hakuna shida, fundi. Wa kukaanga ndizi watanunua."

Mjomba akamwita arudi. Akanunua mabidoni yote 3 kwa pesa iliyokuwa ya parafini, na ndiyo sababu tulichukua miezi mitano. Nilimwambia kwamba muuzaji ataleta mengine. Akasema anajua. Tangu hapo tumeuliza katika ofisi mbili mahali pa kuyapeleka yapimwe, na kila moja ilituelekeza kwa nyingine. Kuyamwaga haiwezekani, kuyachoma ni kubaya zaidi, maana PCB ikiungua vibaya huzaa sumu kali kuliko yenyewe.

Kwa hiyo yako chini ya meza ya kazi. Kazi ya kuandika maneno juu yake ilikuwa yangu, na hapo masomo yangu yote ya leksikografia yaliitwa shahidi. Nilipendekeza "Mafuta ya transfoma, yasitumike." Mjomba akakataa. Alisema mwenye njaa akisoma neno la kwanza hatafika la tatu. Tukaliondoa neno mafuta kabisa. Tumeandika SUMU, chini yake UBUROZI, chini yake POISON, na kwa ajili ya kijana anayemsaidia kazi, ambaye hasomi, mjomba akachora fuvu na kuvizungushia vifuniko waya wa shaba. Kila Ijumaa kabla ya kwenda kuswali hutandika gazeti jipya chini ya mabidoni, na kulikagua lile la zamani kama lina doa.